Kilomita 21 Mombasa wikendi moja, mkiwa wawili: tathmini ya njia, malazi na sahani

Anayeshuka Mombasa kutoka Nairobi, Nakuru au Eldoret kukimbia nusu marathoni huja na hesabu moja kichwani: huko juu hewa ni nyembamba, huku chini imejaa, basi muda utapungua wenyewe. Hesabu hiyo ina ukweli nusu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ni kweli mapafu hupata nafuu pwani. Lakini Mombasa haimdai mkimbiaji pumzi, inamdai jasho. Nafuu aliyopewa na bahari, unyevu humpokonya kabla hajafika kilomita ya kumi.

Kwa hiyo hukumu yetu mapema, ili asiyetaka kusoma yote aondoke nayo: kwa safari ya wawili yenye mbio ndani yake, Mombasa tunaipa nne kati ya tano. Kwa kuvunja rekodi yako ya kilomita 21, tunaipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya madafu. Mwezi nao hubadili alama. Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, alfajiri hushuka hadi nyuzi 20 na kidogo na kukimbia kunawezekana. Februari na Machi ndiyo miezi ya kukaa kivulini. Aprili na Mei ni masika, na barabara kadhaa za mji hugeuka vidimbwi.

Tuanze na joto, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Mwili haupozwi na jasho linalodondoka, unapozwa na jasho linalokauka. Alfajiri ya Mombasa hewa huwa imeshiba maji kiasi kwamba jasho halina pa kwenda: fulana inalowa kufikia kilomita ya nne, viatu vinaanza kulia chwa-chwa kilomita ya kumi na mbili, na moyo unapanda ingawa kasi ni ile ile. Anayedhani haya ni matatizo ya watu wa mazoezi mepesi akumbuke tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa hapa, kwenye uwanja wa gofu unaotazama bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu na fupi za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006. Mombasa ilimfanya aache njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaondoka na ushindi. Mbio zenyewe zilikuwa kilomita 12 tu.

Kwa mkimbiaji wa kawaida, dawa ni kuanza polepole kuliko anavyojisikia. Punguza kasi kwa sekunde 20 hadi 30 kwa kila kilomita, angalau hadi ya nane. Mwenye kasi ya dakika 6 kwa kilomita Nairobi, ambayo ni saa 2 na dakika 6 na nusu kwa kilomita 21.1, aanze na 6:25. Akiishika hadi mwisho atamaliza kwa saa 2 na dakika 15, na hakuna aibu yoyote. Akianza na 6:00 kwa sababu kilomita tatu za kwanza zilikuwa tamu, kilomita tano za mwisho atazitembea. Hili ndilo kosa linalowapata wageni wengi, na haliwapati kwa sababu hawana mazoezi. Wanaponzwa na wepesi wa pumzi: mapafu yanasema "twende" huku damu imegawanyika, nusu kwenye misuli, nusu kwenye ngozi kujaribu kupoza mwili.

Maji pia yana hesabu, na hapa kuwa wawili kunasaidia. Pimeni uzito kabla na baada ya mbio ya mazoezi ya saa moja, bila viatu wala nguo zilizolowa. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, ongeza na maji uliyokunywa njiani. Mfano: uliondoka na kilo 64.0, ukarudi na 62.6, na ulikunywa mililita 800. Umetoa lita 2.2. Lengo si kurudisha yote ukiwa unakimbia, ni kutopoteza zaidi ya kama asilimia 2 ya uzito, ambayo kwa huyu ni kilo 1.3. Kipimo cha kuanzia ni mililita 400 hadi 600 saa mbili kabla, kisha mililita 150 au 200 kila baada ya dakika 15 hadi 20. Anayetoka mbioni akiwa mzito kuliko alivyoingia amekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari yake peke yake: chumvi ya damu inapungua, kichwa kinauma, tumbo linajaa kichefuchefu, na watu wanampa maji zaidi wakidhani ni kiu.

Ndani ya maji hayo kuwe na chumvi. Pakiti ya chumvichumvi ya dukani inatosha, fuata kipimo kilichoandikwa. Ukikosa, maji safi lita moja, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Onja kwanza, yakiwa na chumvi kuliko machozi, umekosea.

Sasa malazi, ambako pesa nyingi hupotea. Wawili hukaa na simu wiki tatu kabla, wanatazama picha za bwawa na mchanga mweupe, wanalipia usiku mbili Bamburi, bara, kaskazini mwa kisiwa. Kisha usiku wa kuamkia mbio wanagundua kwamba ili waanzie Mama Ngina, barabara ya kando ya bahari kisiwani, saa kumi na moja na nusu alfajiri, lazima watafute gari saa kumi, wavuke Daraja la Nyali gizani, na kifungua kinywa cha hoteli kinaanza saa kumi na mbili na nusu. Wanakimbia na njaa. Pendekezo letu ni kugawanya usiku: wa kwanza kisiwani, Kizingo au Ganjoni, mahali ambapo mnatembea kwa miguu hadi mstari wa kuanzia, wa pili Nyali au Bamburi, mkishakimbia, bahari ikiwa mlangoni na hakuna anayeweka kengele. Kufunga mizigo mara mbili ni usumbufu, lakini ni mdogo kuliko ule wa kutafuta teksi saa kumi za usiku.

Kuna pengo la kuhesabu. Hoteli nyingi hutaka mtoke saa nne asubuhi na hazipokei wageni wapya kabla ya saa nane mchana. Mkimaliza mbio saa mbili kasorobo mna muda wa kuoga, kula na kuondoka bila kukimbizana na mtu, na saa nne zinazobaki ni za Mji wa Kale. Nendeni siku hiyo hiyo, Fort Jesus ikiwemo. Ngome hiyo, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuwekwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, ina ngazi na ngazi, na maumivu ya mapaja baada ya kilomita 21 hukolea siku ya pili. Anayeiacha hadi kesho yake ataishuka kinyumenyume.

Chumba cha usiku wa kwanza hakihitaji kuwa cha kifahari. Kikaguliwe hivi: feni inazunguka kweli au AC inapoza kweli, neti haina matundu (malaria ya pwani haijaisha, na usiku mmoja unatosha), kuna friji ya kugandisha chupa mbili za maji, na mtu wa jikoni yuko tayari kuwaachia mkate, mayai ya kuchemsha na ndizi tangu jioni. Hilo la mwisho ulizeni kwa simu kabla ya kulipa. Ulizeni pia kuhusu maji. Sehemu nyingi za Mombasa hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Si ya kunywa, na fulana ya kukimbilia ikifuliwa humo hukauka ngumu kama turubai. Mkimbiaji aliyevaa fulana hiyo kesho yake huchubuka kwapani na kifuani hadi damu. Ifue, kisha suuza mara ya mwisho kwa nusu lita ya maji ya chupa. Pakeni mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kiunoni pale kaptula inapokaza, na wanaume wabandike plasta kwenye chuchu. Soksi ziwe nyembamba za nailoni. Za pamba hubeba maji, na malengelenge huanzia hapo.

Njia yenyewe. Kwa wanaojiandalia mbio wenyewe, bila namba wala mashindano, hakuna mahali kisiwani panapokaribia Mama Ngina. Tangu ukarabati uliozinduliwa Oktoba 2019 eneo lote lina njia za waenda kwa miguu, viti, na nafasi chini ya mibuyu mikubwa. Upande mmoja ni uwanja wa gofu, upande mwingine mlango wa bandari ya Kilindini, ambapo meli za makontena hupita karibu kiasi cha kuona mabaharia wakiegemea reli. Upepo wa kusi hupiga ubavuni kutoka baharini, na alfajiri huwa bado haujapanda.

Ubaya wake upo. Kabro, yale matofali ya zege yaliyotandazwa njiani, ni ngumu kuliko lami, hivyo viatu vyembamba vya mashindano viacheni nyumbani, na ikinyesha au umande ukishuka kuna sehemu zinazoteleza. Jioni za wikendi familia nzima za mji huja kupunga upepo, kwa hiyo alfajiri inayofuata tazameni chini: makumbi ya madafu, maganda, karatasi za mihogo. Upande wa feri ya Likoni watu huanza kumiminika mapema, geukeni kabla ya kufika kwenye msongamano. Na karibu na Ikulu ya Mombasa na kwenye feri msipige picha. Askari hawatajali kwamba mlikuwa mnataka kumbukumbu ya kilomita ya nane.

Pimeni kilomita 1.5 kwa saa ya GPS, wekeni alama mwanzo na mwisho. Barabara ikiwaishia, endeleeni ubavuni mwa uwanja wa gofu. Kwenda na kurudi ni kilomita 3, mara saba ni 21, na mita 97 na nusu za mwisho ongezeni kwa kupita alama mnapomaliza. Inasikika kama adhabu. Kwa wawili wenye kasi tofauti ni zawadi, na hesabu inaonyesha kwa nini. Tuseme mmoja anakimbia dakika 6 kwa kilomita, mwingine 7. Wakianza pamoja kwenye njia hii ya kwenda na kurudi, wanakutana uso kwa uso kila baada ya dakika 9 na sekunde 40 hivi. Katika saa mbili na dakika sita wameonana mara 13. Na mwenye kasi anamaliza mzunguko wa saba wakati ule ule mwenzake anamaliza wa sita, wote wakiwa kwenye mstari wa kuanzia. Anaweza kunywa maji, kuvaa ndara, na kutembea naye mzunguko uliobaki. Kwenye njia ndefu ya kwenda Nyali na kurudi, wawili hao hao wangeachana kilomita ya pili na kuonana tena kwenye chai.

Kukutana huko kuna kazi zaidi ya tabasamu. Joto likimzidi mtu, yeye ndiye wa mwisho kujua. Mwenzake akipita amuulize swali lenye jibu: umebakiza mizunguko mingapi? Anayejibu "niko sawa" bila kutaja namba, anayesita, au anayesema anahisi baridi na vinyweleo vimesimama huku jua linawaka, mbio zake zimeisha. Akae kivulini, amwagiwe maji shingoni na kwapani, yale ya barafu kutoka kwenye friji kama yapo, na akizidi kuchanganyikiwa apelekwe hospitali, asipelekwe hotelini kulala.

Kwenye mizunguko, kituo chenu cha maji ni kimoja: begi dogo kwenye kiti, au bora zaidi, mwenzi wa tatu asiyekimbia. Wekeni humo chupa mbili kwa kila mtu, moja iliyogandishwa. Kugeuka mara kumi na tatu nako kuna gharama. Geukeni kwa duara pana na mbadilishe upande, mara kulia mara kushoto, la sivyo goti la nje litalalamika.

Muda wa kuanza ni saa kumi na moja na nusu. Kutegemea mwezi, jua la Mombasa huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mtakuwa na nusu saa au zaidi ya giza na taa za barabarani. Bebeni taa ndogo ya kichwani na mkae pamoja mzunguko wa kwanza. Wekeni kengele: mkisubiri adhana ya alfajiri iwaamshe, mtakuwa mmechelewa kwa maji na mkate wa kabla ya mbio. Kufikia saa mbili jua limeshapanda juu ya maji na kuwaka usoni kutoka juu na kutoka chini.

Nyali ni chaguo la pili. Barabara ya Links ina nafasi na sehemu zenye kivuli, na anayetaka kilomita ndefu zisizorudiarudia atazipata akiunganisha mitaa ya ndani. Tatizo ni magari kuanzia saa moja, matuta, na milango ya maduka inayokata njia ya waenda kwa miguu. Kuvuka Daraja la Nyali kwa miguu kunawezekana, ila kelele na moshi wa matatu havifai kwa watu walioamka alfajiri kutafuta utulivu. Jumapili ni afadhali.

Ufukweni? Kila mtu anauliza, na jibu linategemea mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, Mombasa maji hujaa karibu na saa kumi za alfajiri na kupwa karibu na saa nne asubuhi. Maana yake ni kwamba saa mtakayotaka kukimbia, mchanga mgumu bado uko chini ya maji, na mtakimbilia mchanga laini wa juu unaomeza kifundo cha mguu. Mchanga ukifika kuwa mzuri, jua limeshakuwa kali. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hutoka alfajiri, ingawa hayaendi mbali, na kuna ukanda wa kukimbilia kutoka Nyali hadi karibu na ufukwe wa umma wa Pirates. Hata hivyo ufukwe umeinama kuelekea baharini, mguu mmoja unafanya kazi chini kuliko mwingine, na baada ya kilomita kumi nyonga inajua. Kilomita 5 za kulegeza miguu, ndiyo. Kilomita 21, hapana.

Wanaokuja kwa mashindano yaliyoandaliwa hawana la kuchagua kuhusu njia. Wachukue namba siku moja kabla na wamuulize mwandaaji mambo matatu: vituo vya maji viko kila kilomita ngapi, 21 inaanza kabla au baada ya 10, na kama njia imepimwa rasmi. Njia iliyopimwa rasmi hupimwa kwa mstari mfupi kabisa unaoweza kukimbiwa, kisha huongezwa mita moja kwa kila kilomita. Ndiyo maana saa yako itasoma 21.3 au zaidi ukimaliza, na mwandaaji hajakuibia. Wewe ndiye uliyekata kona kwa nje.

Anayejiandalia, sisi tunapendelea Jumamosi. Mkikimbia Jumapili, Jumamosi nzima inaliwa na hofu ya Jumapili: msile hiki, msisimame sana, tulale mapema. Mkikimbia Jumamosi alfajiri, wikendi yote iliyobaki ni yenu. Sharti ni kufika Ijumaa mchana.

Chakula. Mombasa ni mtego kwa mkimbiaji kwa sababu kila kitu kizuri kina nazi, mafuta au pilipili, na mara nyingi vyote vitatu. Mbaazi na mahamri ni kifungua kinywa cha mji, na ni kosa kabla ya mbio: mbaazi na tui zima havijasagika tumboni saa mbili baadaye, na choo cha karibu kinaweza kuwa mbali kuliko mnavyotaka. Usiku wa kuamkia mbio kuleni wali mweupe na samaki wa kuchoma au kuku, mboga kidogo, bila kushindilia. Biriani isubiri. Alfajiri, mtu wa kilo 60 anatosheka na ndizi mbili na vipande vitatu vya mkate mweupe, karibu gramu 90 za wanga, na chai ya rangi. Kama mmezoea kula mapema kabisa, kipande cha mkate wa sinia, ule wa mchele wa kusaga, hukaa vizuri tumboni, mradi hakikutiwa tui zito.

Njiani, badala ya jeli za dukani ambazo bei yake inauma, nunueni tende soko la Marikiti, zile ndogo kavu kiasi. Tende ndogo moja ina gramu 5 au 6 za wanga. Toeni kokwa tangu jioni, fungeni nne nne kwenye karatasi ya plastiki, na mle fungu moja kila baada ya dakika 40, pamoja na maji. Zijaribuni nyumbani kwanza. Kuna watu ambao tumbo lao halielewani na tende kwenye mwendo.

Baada ya mbio ndipo Mombasa inaporudisha deni. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo kuliko ile iliyotoka na jasho, kwa hiyo dafu peke yake halitoshi. Wenyeji walishalitatua bila maabara: dafu mkono mmoja, mihogo ya kukaanga yenye chumvi, ndimu na pilipili mkono mwingine. Mwambieni muuzaji mnataka dafu, asiwape koroma, ambalo maji yake yameshaanza kugeuka na nyama imekuwa ngumu. Saa tatu ndiyo saa ya mbaazi na mahamri sasa, na viazi karai kwa asiyeshiba. Mchana mkihamia ng'ambo, samaki wa kupaka na wali wa nazi. Wakati wa Ramadhani mpango wote hugeuka: Mji wa Kale hulala mchana, migahawa mingi hufungwa, bebeni chakula chenu, mkile chumbani kwa staha. Jioni, baada ya futari, mtakula kuliko mwezi mwingine wowote.

Kuhusu mavazi, kukimbia na kaptula Mama Ngina hakumshangazi mtu. Mji wa Kale ni mitaa ya watu wanaoishi na kuswali hapo, si njia ya kukimbilia: vichochoro vyembamba, mikokoteni, mawe yanayoteleza. Ingieni mkitembea, mkiwa mmejisitiri. Kila mmoja abebe leso, yaani kanga. Ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kitu cha kukalia, na haizidi uzito wa fulana mbili.

Usafiri tutaupitia haraka. Treni ya SGR kutoka Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, ile ya haraka huchukua kama saa tano, na tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Fikeni saa moja kabla kwa ukaguzi wa mizigo. Vitu vyenye makali haviruhusiwi, hivyo kateni plasta zenu nyumbani, msitegemee mkasi. Kituo cha Miritini kiko nje ya kisiwa, na bei ya gari patanisheni kabla ya kupanda. Basi la usiku ni rahisi lakini hufikisha mtu na miguu iliyovimba, nalo lifae wanaokimbia kesho yake, si siku ile ile. Wanaotoka Tanga kupitia mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga wahesabu foleni ya feri ya Likoni.

Kama bajeti inaruhusu daraja la kwanza upande mmoja tu, lipieni kurudi. Viti vya daraja la kawaida hutazamana, vitatu upande huu na viwili upande ule, magoti yanagusana na ya mgeni kwa saa tano, na miguu iliyokimbia kilomita 21 haiwezi kukunjwa muda huo wote bila kukakamaa. Mkikosa, mmoja achukue kiti cha njiani, mbadilishane Voi, na viatu vilivyolowa fungeni kwenye mfuko wao wenyewe, mmevijaza magazeti.